Gari langu la benki, IST ya shemeji yake mwenyewe

Mbele ya jengo ninaloishi hapa Columbus, Ohio, huegeshwa Scion xA moja ya kijivu. Siku ya kwanza kuiona nilisimama na mifuko ya sokoni mkononi kama niliyekutana na mtu wa kwetu. Ni Toyota IST! IST ileile ya Tabata kule Dar, pua ileile, ila usukani uko kushoto na jina wamebadilisha. Toyota waliiuza Marekani kwa jina hilo, modeli za mwaka 2004 hadi 2006. Huku haimshtui mtu. Dar watu wanaiwekea nadhiri.

Shemeji yangu anayo, ya namba za usajili zenye herufi D. Juzi kanitumia ujumbe: "Wewe mwenzetu unaendesha gari la maana, sisi tunahangaika na IST." Najibu hapa ili na wengine wasome, maana kila nikiweka picha nimeegemea gari, maneno ni hayohayo.

Shemeji, IST ni yako. Hili ninaloliegemea si langu.

Nilipofika nilipata kazi kwenye ghala huko Groveport, zamu ya saa kumi na moja alfajiri. Basi la muda huo halipo, na mji mzima huu hauna treni ya abiria. Huna gari, huna kazi. Nikaenda yadi ya magari. Muuzaji hakuniuliza nina shilingi ngapi, aliuliza alama zangu za mkopo, zile zinazopima unavyolipa madeni. Alama hizo ni kuanzia 300 hadi 850, na mgeni aliyeshuka juzi hana hata moja. Kwetu mtu asiyedaiwa anaheshimika. Huku, kama hujawahi kukopa, wanakuweka fungu moja na wasiolipa. Gari lilikuwa dola 11,000, riba asilimia 19, miezi 72. Yote hayo yalikuwa kwenye karatasi, lakini yeye alinionyesha kwa kidole sehemu moja tu: dola 257 kwa mwezi. Nikasaini huku nacheka. Nilikuja kuzidisha mwenyewe usiku, nikapata kama 18,500.

Mkopeshaji naye analazimisha bima kubwa, dola 180 kila mwezi. Kwa hiyo kabla sijatia tone la mafuta, 437 zimeshaondoka. Na nina nafuu. Jamaa mmoja wa zamu yetu gari lake lilifungwa kifaa: akichelewesha rejesho, haliwaki. Ametoka kazini, theluji inamwagika, anazungusha ufunguo, kimya. Nilimrudisha nyumbani mimi. Njiani hakusema neno.

Wewe ulivyoipata IST yako nakumbuka, kwa sababu nilichangishwa. Uliuza kiwanja, ukapokea upatu, ukaagiza Japani. Gari lilipofika bandarini zikaja hesabu za TRA, mamlaka ya mapato: forodha asilimia 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa, halafu ushuru wa uchakavu wa gari kuukuu, mpaka kodi ikakaribia bei ya gari lenyewe. Ulinipigia simu sauti imekauka. Kodi ile mimi naiona ni dhuluma, na sibadili neno. Lakini siku lilipotoka getini, hapakuwa na mtu duniani mwenye haki ya kuja kulivuta usiku kwa deni. Na ukibanwa leo ukaliweka sokoni, jioni simu imeita, na unarudisha sehemu kubwa ya pesa yako. Mimi baada ya miaka mitatu nilipeleka langu likathaminiwe. Walinipa 4,500. Deni lililobaki ni 7,000. Yaani ili nimpe mtu gari, nimuongezee na hela juu!

Kwenye mafuta nyie mmetuzidi akili. Kwetu mtu haweki mafuta, anaweka elfu kumi, na anajua elfu kumi hiyo itamfikisha wapi. Wewe unajua IST inakwenda kilomita ngapi kwa lita ukiwa kwenye foleni ya barabara ya Mandela, na ngapi ukishika njia ya Morogoro. Huku nilikaa mwaka mzima sijui langu linanusa au linabugia, wanahesabu kwa maili na galoni. Maili 30 kwa galoni ni kama kilomita 12.8 kwa lita, wala si ajabu. Juni 2022 wastani wa petroli nchini hapa ulivuka dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza, watu wakalia kama msiba. Nikagawanya: dola 1.32 kwa lita. Agosti ya mwaka huohuo Dar lita ilifika shilingi 3,410, karibu dola moja na nusu, kwa mshahara wa kwetu. Sikumwambia mtu kazini.

Na fundi? Taa ya injini ikiwaka huku, gereji nyingi kupima tu kwa mashine unalipa, na saa moja ya fundi niliwahi kutozwa dola 150. Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, kwa hela hiyo unarudi na shokapu nne na chenji. Wizi ndio unaofanana. Huku wanaingia chini ya Prius usiku wanakata masega, kile kifaa cha kusafisha moshi. Nilipowasimulia kwamba Dar tunachonga namba ya gari kwenye vioo ili visiibwe, walidhani natania.

Tena wewe umeshafunga mfumo wa gesi. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar mwaka 2004, leo imo kwenye buti lako, mtungi umekula nafasi ya masanduku na unalalia foleni ya kujaza. Unalalamika, sawa, lakini kila shilingi iliyookolewa unaiona jioni ileile. Mimi natamani gari la umeme. Nakaa ghorofa ya tatu, soketi niitoe wapi? Baridi ya Januari nayo inapunguza umbali ambao betri inakufikisha, na ile nafuu ya kodi ya dola 7,500 waliifuta 30 Septemba 2025, mimi bado nalipa rejesho la gari la petroli.

Halafu mtu ananiambia nimtumie gari kutoka huku. Usukani kushoto, injini kubwa, spea za kutafuta kwa tochi. Agizeni Japani, jamani.

Mwenye ile Scion ameibandika karatasi kiooni: dola 2,000. Nimeshakwenda kuinamia mara mbili. Chini chumvi ya barabarani imeitafuna, lakini injini ni 1NZ ya IST, naijua hata gizani. Nikimaliza hili deni naikuta bado ipo au haipo, sijui. Mke wangu anasema nimekuja Marekani kununua IST.