Baada ya Shakahola, mimbari isiinyamazie njaa

Makaburi ya msitu wa Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, yalianza kufukuliwa Aprili 2023, na miili iliyotolewa ikapita 400. Wengi walikufa kwa kukosa chakula; baadhi, wakiwemo watoto, walikutwa na dalili za kunyongwa. Walionusurika walisimulia jinsi walivyohubiriwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu.

Tangu hapo, Malindi na vitongoji vyake hapajatulia. Wako wanaosema Biblia na tumbo visikutanishwe tena: njaa ni kazi ya serikali na mabwana shamba, mchungaji ashughulike na roho. Wengine wanasema kanisa lisiloitaja njaa limeyakata Maandiko nusu.

Wale wa kwanza wana hoja nzito. Tumewaona wahubiri wanaomwambia mjane "apande mbegu", yaani atoe sadaka, kwa pesa ya unga, kisha wakamlaumu kwa imani haba muujiza usipofika. Tena waliokwenda Shakahola hawakuwa mafukara wote. Walitoka kaunti mbalimbali, wengine wakiwa na elimu na ajira, kwa hiyo anayesema ni umaskini tu uliowapeleka amekosea.

Lakini nikisoma Isaya 58, naona tiba ambayo wengi hawakupewa. Watu wanafunga, kisha wanalalamika kwamba Mungu haoni. Wanajibiwa kwamba saumu anayoitaka ni kufungua vifungo vya uovu, kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumwingiza maskini nyumbani. Kwa maneno mengine, chakula ulichojinyima kina mwenyewe. Muumini aliyelelewa na sura hiyo angekuwa na la kuuliza kule msituni: hiki tulichoacha kula, kimemshibisha nani? Majirani zetu Waislamu wanalijua hilo vyema. Saumu yao ina futari jioni, ina ruhusa kwa mgonjwa na msafiri, na mzee asiyeweza kufunga hulisha maskini.

Kisha kuna ule mstari ambao mimi hauniachi: "Maskini mnao siku zote." Nimeusikia mara nyingi ukitumiwa kufunga mazungumzo, kana kwamba Yesu aliuhalalisha ufukara. Marko 14:7 inaendelea papo hapo kwamba kila mpendapo mwaweza kuwatendea mema. Na maneno yenyewe yana mizizi katika Kumbukumbu la Torati 15, sura inayoanza kwa kufuta madeni kila mwaka wa saba. Aya ya 4 inasema kusiwe na maskini kwenu. Aya ya 11 inasema maskini hawatakoma katika nchi, kwa hiyo mfumbulie nduguyo mkono. Wasikilizaji wa Yesu waliijua Torati. Waliposikia kipande hicho walisikia na madeni, na mikono iliyokunjuliwa. Sisi tumebakiwa na maneno manne, na tumeyageuza kuwa mkeka wa kukalia.

Sura hiyo ingesomwa nzima Magarini au Ganze, hapa Kilifi, ingegusa mambo mengi. Mvua zilikatika misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mahindi yakanyauka. Ukame huo haukuletwa na mtu wa kijijini. Lakini kuna familia zilizozaliwa na kuzeeka kama maskwota kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, na mkulima wa namna hiyo huogopa hata kupanda mnazi, maana unachukua miaka kuzaa. Kumwombea mvua bila kuitaja ardhi ni kumwambia, kama Yakobo anavyokemea katika sura ya 2, aende kwa amani akashibe. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Sioni mchungaji anavunja nini akiisoma kando ya Isaya.

Udhibiti wa makanisa nauunga mkono. Hesabu za sadaka zikaguliwe, na anayewakataza waumini hospitali ashitakiwe. Zaidi ya hapo, mimi huangalia orodha ya kugawa chakula. Walawi 19 inamwamuru mwenye shamba asivune mpaka pembeni, na masazo amwachie maskini na mgeni, pasipo kumuuliza anasali wapi. Gunia la mahindi likifika kanisani Langobaya, nataka kuona kama jirani Mwislamu na mzee wa kaya anayefuata dini ya jadi ya Wamijikenda wameandikwa, au ni majina ya wanakwaya peke yao.