Papa Potwe wa Majengo

Soko la Majengo hapa Dodoma wananiita Mzee wa Mafia, na jina hilo nimelila kwa miaka mingi. Mtu akisikia fundi cherehani wake katokea Mafia, anakaa vizuri kwenye benchi na kulipa deni la suruali bila kukumbushwa. Sikuona sababu ya kumweleza kwamba Mafia ni wilaya tu ya mkoa wa Pwani, kisiwa cha minazi na wavuvi, ambako salamu zikianza asubuhi zinaweza kuisha adhuhuri.

Jambo jingine nililolikalia ni kwamba Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, niliondoka mwaka 1979, nikiwa na miaka 4. Bahari yote ninayoikumbuka ni harufu ya ngisi kwenye chungu cha mama. Mengine nimeyatunga mwenyewe kijiweni, zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani: dhoruba niliyoipita, nyavu nilizovuta, na papa niliyetazamana naye macho kwa macho.

Sasa ikaja Juni, Bunge la bajeti, mji umejaa waheshimiwa. Redio moja ya hapa ikaandaa kipindi cha shida za visiwani, kikirushwa pamoja na redio ya jamii ya kisiwani kwetu, wapigaji kutoka pande zote mbili. Wanatafuta mgeni mwenye uzoefu wa bahari. Muuza kahawa, Mgogo, mtani wangu, akanitaja bila kuniuliza. Ningekataa, lakini walisema kuna nauli.

Studio ina baridi kama bucha. Nikavishwa hedifoni, dada mtangazaji akanikaribisha kwa sifa ambazo hata mimi zilinitisha, kisha akauliza kama hali ni mbaya kweli. Nikatikisa kichwa kwa uchungu mkubwa.

"Mzee wangu," akasema, "wasikilizaji hawakuoni."

Akauliza kwa nini boti zinasuasua miezi hii. Nikajibu kwa sauti nzito, "Kaskazi, mwanangu. Kaskazi ya mwaka huu haina huruma." Akauliza vipi watu waliozungukwa na maji walie shida ya maji. Hapo nilipaswa kusema sijui. Badala yake nikasema, "Uzembe tu. Wayachemshe."

Simu zikawaka. Wa kwanza alikuwa bwana wa kisiwa cha Jibondo, amewasha redio pembeni, kila neno linarudi mara mbili. Akaombwa apunguze sauti. Akapunguza ya redio, yake akaipandisha.

"Sisi tumekua tukivusha maji ya kunywa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa. Huyo mgeni achemshe ya bahari, anywe yeye kwanza, sisi tutamtazama. Na Juni ni kusi! Kaskazi ya Juni inavuma huko Dodoma?"

Nikaona nihamie kwenye papa, mada niliyoizoea kijiweni. Nikaeleza jinsi papa potwe anavyotishia watoto wetu, na mimi nilivyomkwepa kwa kudra ya Mungu. Mvuvi wa Kilindoni akaingia hewani akicheka hadi anakohoa.

"Potwe? Huyo anazidi mita 10, sawa, lakini chakula chake ni vijidudu vya majini na visamaki. Wageni wanalipa pesa kuja kuogelea naye. Mdomo mpana, madhara hana. Kama mgeni wenu hapo studio."

Fundi mitambo nyuma ya kioo akainama chini ya meza. Hakudondosha kitu.

Simu ya mwisho sauti niliitambua kabla haijamaliza kusema haloo.

"Mwanangu, kwanza nipe shikamoo yangu."

"Shikamoo shangazi," nikasema, hewani, mikoa miwili ikisikiliza.

"Marahaba. Wasikilizaji, huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Alitapika toka Kilindoni mpaka Kisiju, kule bara, hata kanzu ya nahodha akaitapikia. Hajarudi tangu siku ile. Msiba wa juzi hata rambirambi hakutuma." Akavuta pumzi. "Sasa tuache upuuzi. Mjamzito anapewa rufaa usiku, kusi limechafuka, chombo hakiondoki. Anakaa gatini na uchungu wake, anahesabu mawimbi. Hilo ndilo mwambieni waziri, mko naye huko huko. Nyie mko mita 1,100 juu ya bahari, mnatuona vizuri."

Mtangazaji akawa anaandika haraka haraka. Mimi nikatikisa kichwa.

"Mzee, hawakuoni."

"Shangazi kasema kweli," nikasema. Ndiyo sentensi pekee niliyopatia kwa saa nzima. Nauli nikapewa elfu tano; jioni ile ile niliongeza nyingine ishirini nikazituma kwa shangazi, na ujumbe wake ulirudi na neno moja: "Na zabibu?"

Kesho yake nilipofika sokoni, muuza kahawa alikuwa ameshafanya kazi yake. Kuanzia kwa wauza nyanya hadi kwa wauza mitumba ni "Papa Potwe, karibu!" Nikamkuta mteja wangu wa suti, anadaiwa elfu thelathini na tano tangu Pasaka. Zamani akiniona alikuwa anabadilisha njia. Safari hii alikuja mwenyewe, akanipiga bega, akatabasamu.

"Mwezi ujao, Potwe," akasema. "Kumbe hung'ati."