Kiti cha Rafiki Katika Ndege ya Kujiundia

Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini waliunganisha wenyewe ndege ya viti vinne, Sling 4, kisha wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo. Ilikuwa safari ya kilomita zipatazo 12,000, na Tanzania na Uganda zilikuwa miongoni mwa vituo vyao. Megan Werner, aliyeanzisha mradi huo, alikuwa na miaka 17. Habari ile ilisambaa kama habari ya ujasiri, na ilistahili. Mimi iliniachia swali jingine: ndege kama ile ikitua karibu nawe, na rubani aliyeiunda kwa mikono yake akakuambia panda twende, upande?

Marekani ndiko swali hili lilikojadiliwa zaidi, kwa sababu huko ndege za kujiundia ni maelfu. Chama cha wanaoziunda, EAA, kilianzishwa na Paul Poberezny mwaka 1953, na kila kiangazi mkutano wake mjini Oshkosh, Wisconsin, hujaza uwanja ndege zilizoanzia gerejini. Sheria inamtaka mwenye kuunda afanye mwenyewe sehemu kubwa ya kazi, ndiyo inayoitwa kanuni ya asilimia 51. Rafiki anaruhusiwa kupanda ila halipishwi nauli. Kuchangia sehemu yake ya mafuta, sawa.

Wanaokitetea kiti cha rafiki wana hoja nzito. Mtu aliyetumia miaka kadhaa akipiga riveti, vile vipini vya kuunganishia mabati, moja baada ya nyingine anajua kila waya unapita wapi. Anaweza kupewa cheti cha kuikagua ndege yake kila mwaka, na hawezi kuikagua kwa uzembe wakati ni yeye atakayeirusha. Miundo yenyewe mingi imeshajaribiwa vya kutosha. Ndege za aina ya RV, zilizobuniwa na Richard VanGrunsven wa Oregon, ambazo zimekamilika na kuruka zimepita 10,000, hivyo kasoro ikimpata mmoja, wengine huisikia. RV-7, mojawapo ya hizo, husafiri kwa takriban kilomita 300 kwa saa, na safari ya kutwa nzima barabarani inakuwa ya asubuhi moja. Kumnyima rafiki furaha hiyo kwa sababu tu ndege haikutoka kiwandani ni kumwonea aliyeiunda.

Hata hivyo, huyo rafiki hapandi siku ya kwanza. Kwa utaratibu wa kawaida ndege mpya hurushwa saa 25 au 40, kutegemea injini na propela yake, bila abiria na ndani ya eneo lililotengwa. Katika saa hizo waundaji makini hufunga mifuko ya mchanga kwenye kiti cha pili na kuongeza uzito kidogo kidogo hadi ufikie wa mtu mzima. Hili ningependa kila abiria alijue. Ndege ndogo ambayo kiti kimoja kiko nyuma ya kingine hubadilika tabia mtu anapokaa nyuma. Kitovu cha uzito husogea kuelekea mkiani, usukani unakuwa mwepesi mno, na mwendo ukipungua kupita kiasi ndege ni ngumu zaidi kuirudisha katika hali ya kawaida. Rubani aliyeruka saa 40 peke yake hajawahi kuirusha ile ndege atakayoirusha akiwa na wewe. Muulize ni uzito gani umeshawahi kukaa pale utakapokaa.

Upande wa pili una takwimu. Mwaka 2012 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilieleza kwamba ndege za kujiundia zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege za kiraia zisizo za mashirika, lakini mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 hivi ya ajali za kundi hilo na asilimia 21 ya ajali zenye vifo. Ajali nyingi hutokea mapema: mwanzoni mwa maisha ya ndege, au mara inapopata mmiliki mpya. Hapo ile hoja ya kuijua kila riveti inakatika, maana ndege hizi huuzwa, na mnunuzi hakupiga riveti hata moja.

Mwanamuziki John Denver alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 karibu na Pacific Grove, California, akiwa peke yake katika Long-EZ, ndege ya kujiundia iliyobuniwa na Burt Rutan, aliyoinunua karibuni tu. Aliyeiunda hakutaka mabomba ya mafuta yapite alipokaa rubani, kwa hiyo aliweka kishikio cha kubadilishia tangi nyuma ya bega la kushoto, tofauti na michoro ya Rutan. Wachunguzi waliona kwamba kukifikia kulimlazimu rubani ageuke kitini, na huenda katika kugeuka alikanyaga pedali na ndege ikamshinda.

Sheria inataka kuwe na bango linalomwambia abiria kwamba ndege hii haitimizi kanuni za usalama za ndege za kawaida. Ni kweli tupu, lakini analisoma akiwa keshaingia, rafiki yake akimtazama kwa furaha. Nani atashuka hapo?

Na safari ndefu ina hatari ambayo bango haliitaji. Ukiwa peke yako ukakuta mawingu yamefunika vilima, unageuza. Ukiwa na rafiki anayetakiwa kazini Jumatatu, unajipa dakika kumi zaidi. Rubani asiyefunzwa kuruka kwa kutegemea vyombo akiingia mawinguni hupotewa hata na juu na chini, na hapo ndege ya kiwandani haimwokoi pia. Abiria huja na haraka yake pamoja na uzito wake.

Kwa hiyo mimi nasema rafiki apande, lakini aambiwe nyumbani, siku kadhaa kabla, bila aibu ya kukataa. Safari ya kwanza iwe nusu saa kuzunguka uwanja. Ya mbali isiwe na siku maalumu ya kurudi, na kila mmoja awe na nauli ya basi mfukoni. Na aliyenunua ndege iliyoundwa na mwingine, hata akiwa na saa elfu moja angani, aanze upya na mifuko ya mchanga.