Msomi karudi, dagaa bado wako mchangani

Ukishinda mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, mitumbwi inaposhusha samaki, lawama moja haikosi kukufikia: vijana wanapelekwa nje kusoma, wanarudi na vyeti, na sisi tunaendelea vilevile. Ukiwakuta wasomi wenyewe ofisini nao wana yao: ujuzi tunao, nani katupa nafasi ya kuutumia? Nimewasikiliza wote, na naona kila upande una haki yake, ingawa hazilingani uzito.

Chukua uvuvi. Tangu 1998 Aislandi imekuwa ikipokea wataalamu wa uvuvi kwa mafunzo ya miezi 6, na Watanzania wamo. Kule samaki hutundikwa kwenye fremu za miti, upepo ukawakausha. Kwetu kichanja cha miti na wavu kinafanya kazi hiyohiyo: hewa inapita chini, dagaa hashiki mchanga, na wingu likitanda unamfunika turubai. Yule wa mchangani akilowa wakati wa masika anaoza, na akinusurika mara nyingi huishia kuwa chakula cha kuku.

Mbona basi wengi bado wanaanika chini? Mama mmoja mwanikaji alinijibu, nikakosa la kusema: “Mwanangu, mnunuzi akija bei ni moja, wa kichanja na wa mchanga. Hiyo miti na wavu nivinunue kwa hela ipi?” Somo la kukausha lilimfikia. Habari ya soko linalolipa zaidi haikumfikia, na aliyekuja kumfundisha hakumuuliza anauza kwa nani. Hapo namlaumu msomi.

Tena watu wa ziwani wana sababu ya kusita wataalamu wanapowaletea jambo jipya. Sangara si wa asili ya ziwa hili, Victoria. Watu wa idara za uvuvi ndio waliompandikiza, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Ameleta viwanda vya minofu na ajira hapa Mwanza, hilo silikatai. Lakini aliwala furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa, na spishi nyingi za furu zikatoweka.

Hata hivyo, mzigo mkubwa namtwisha mwajiri wa msomi. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika utafiti katika vijiji vya mkoa huu: wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa, na dawa zikahakikishwa zipo. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40. Mafunzo yale yalikwenda pamoja na dawa, na yakampata mhudumu palepale kijijini kwake. Msomi anayerudi leo akakuta boti haina mafuta, na ripoti yake inafungiwa kabatini, tunamdai nini?

Tunachoweza kumdai ni kidogo, na hakingoji bajeti. Ile ripoti aliyoiandika kwa Kiingereza aifupishe kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, aende nayo mwaloni. Aende wakati wa mbalamwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawaifuati taa. Siku hizo mitumbwi imefungwa, wavuvi wanashona nyavu kivulini, na kina mama wana nafasi ya kukaa na kumuuliza maswali.