CBD ya bangi ya viwandani: ugomvi uko kwenye miligramu

Wanaovutana kuhusu mafuta ya CBD, kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya, wote wana ushahidi mkononi. Kuna wanaosema dawa hii imewatuliza watoto ambao kifafa chao kilishinda dawa nyingine zote. Kuna wanaosema chupa zinazouzwa madukani ni mafuta ya kula yaliyopandishwa bei. Ukizipima hoja zao kwa miligramu utaona kila mmoja anazungumzia kiasi chake, ndiyo maana hawasikilizani.

Bangi ya viwandani ni mmea uleule wa bangi, ila umechaguliwa kwa mbegu zenye THC kidogo, na THC ndiyo kemikali ya bangi inayolevya. Sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 iliweka kikomo: isizidi asilimia 0.3 ya uzito wa mmea uliokauka. Wapo wanaouita mmea huu katani, lakini kwetu jina hilo lina mwenyewe, nalo ni mkonge.

Mwili una kanabinoidi zake, yaani kemikali zinazofanya kazi kama zile za bangi. Seli ya neva ikizidiwa na ujumbe, hutengeneza papo hapo kemikali za mafuta, mojawapo ikiwa anandamaidi iliyotambuliwa mwaka 1992. Kemikali hizo hurudi nyuma hadi kwenye seli iliyotuma ujumbe na kuitaka ipunguze kasi. Hupokelewa na vipokezi vya CB1, ambavyo vimejaa kwenye ubongo, na vya CB2, vilivyo zaidi kwenye seli za kinga. Kazi ikiisha, vimeng'enya huzivunja. Ni breki inayokanyagwa pale tu inapohitajika, kisha ikaachiwa. THC huikanyaga kila mahali kwa wakati mmoja na kuing'ang'ania kwa saa kadhaa. Ulevi, kusahau, njaa ya ghafla na moyo kwenda mbio vyote hutoka hapo.

CBD haifanyi hivyo, na kuiita bangi ya kulevya ni kosa. Hushika CB1 kwa udhaifu mno. Kazi yake iko kwingine: kwenye kipokezi kimoja cha serotonini kinachohusika na wasiwasi, kwenye TRPV1 ambacho ndicho kinachokuunguza ukitafuna pilipili, na kwenye GPR55 kinachohusishwa na kusisimka kwa seli za neva. Jinsi hasa inavyozuia kifafa haijathibitishwa, lakini kwamba inakizuia limethibitishwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet, aina kali ya kifafa kinachoanza utotoni, waligawanywa makundi mawili. Kwa waliopewa CBD, degedege za kifafa zilishuka kutoka wastani wa kati wa 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Kwa waliopewa dawa bandia isiyo na CBD ndani zilitoka 14.9 hadi 14.1 tu. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji ya CBD, kwa ugonjwa huo na ule wa Lennox-Gastaut, aina nyingine kali ya kifafa cha utotoni.

Sasa tuangalie vipimo. Epidiolex huanza kwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili, asubuhi na jioni, kisha hupandishwa taratibu, na inaweza kufika miligramu 20 kwa kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 20 akifika huko anameza miligramu 400 kwa siku, sawa na mililita 4 za dawa hiyo. Chukua sasa chupa ya dukani ya mililita 30 iliyoandikwa miligramu 300. Hiyo ni chupa nzima. Mililita moja ina miligramu 10, na mtoto yule angeimaliza yote akatafuta ya pili kabla ya kulala.

Kibaya zaidi, ukimeza CBD, kiasi kinachofika kwenye damu ni karibu asilimia 6, kwa sababu kingine hakinyonywi na kingine ini hukivunja kabla hakijazunguka mwilini. Miligramu 10 zinabaki 0.6. Chakula chenye mafuta mengi huongeza kiasi hicho takriban mara 4, kwa hiyo anayetumia leo na tumbo tupu na kesho baada ya wali wa nazi anatumia dozi mbili tofauti bila kujua.

Hapa hoja ya wauzaji inayumba. Kwenye jaribio moja la wasiwasi wa kuzungumza mbele za watu, dozi iliyosaidia ilikuwa miligramu 300 kwa mara moja. 150 haikusaidia, wala 600. Mwezi Oktoba 2023 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwashauri watu wazima wenye afya wasizidishe miligramu 10 kwa siku, baada ya kuwa imeruhusu 70. Dozi inayoonekana salama bila daktari ni ndogo mara 30 kuliko ile iliyoonyesha kazi. Chupa ya dukani haiwezi kutetewa kama dawa.

Hofu kuhusu ini nayo ina msingi. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2025, watu wazima 201 wenye afya walishiriki, na waliopewa CBD walitumia miligramu 5 kwa kilo kila siku kwa siku 28. Asilimia 5.6 yao vimeng'enya vya ini vilipanda zaidi ya mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida. CBD pia huvizuia vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingine. Anayetumia klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, huweza kulemewa na usingizi, kwa kuwa zao lake lenye nguvu huongezeka kama mara 3 kwenye damu. Ikichanganywa na valproeti, nayo dawa ya kifafa, hatari kwa ini huzidi. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu yake inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni hesabu ya THC. Ile asilimia 0.3 iliwekwa kwa mmea shambani. Ihamishie kwenye chupa ya mafuta yenye uzito wa gramu 28 upate miligramu 84 za THC, karibu 2.8 kwa kila mililita. Kidonge kidogo kabisa cha dronabinoli, ambayo ni THC ya hospitali, kina 2.5. Kwa mkimbiaji wa Iten hili si dogo: tangu 2018 CBD imeondolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, lakini THC bado imekatazwa wakati wa mashindano. Lebo nayo haimlindi. Bidhaa 84 zilizonunuliwa mtandaoni zilipochunguzwa mwaka 2017, ni 26 tu zilizokuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa, na 18 zilikutwa na THC. Msafiri anayepitia Dubai na chupa hiyo begini anaweza kujikuta na kesi ya dawa za kulevya.

Mgonjwa ambaye daktari wake wa kifafa ameamua CBD inafaa apimwe ini kabla ya kuanza, kisha baada ya mwezi 1, miezi 3 na miezi 6 ya matibabu. Ampelekee daktari huyo dawa zake zote azione, za miti shamba zikiwemo. Anywe kila siku kwa namna moja, ama na chakula ama bila chakula. Na asiache ghafla: ipunguzwe kidogo kidogo, la sivyo kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kukatika.