Kilemba Kivuliwe Kliniki

Bibi yangu hakuruhusu nywele zilizobaki kwenye kitana zipeperuke uani. Zinakusanywa, zinafukiwa. Kwa hiyo zangu zilipoanza kutoka, mwezi wa tano tangu niambiwe nina kisukari aina ya pili, nilizikusanya kwenye kipande cha kanga nikakipiga fundo, nikisema Jumamosi nitazifukia chini ya mpapai. Jumamosi ilifika, nikaongeza nyingine, nikaahirisha. Wiki ya tatu fundo lilikuwa limetuna kama andazi. Nililificha kabatini, nyuma ya mashuka, mume wangu asilione.

Fundo hilo ndilo lililonifikisha kwa daktari wa ngozi. Na nikiwaza lilivyochelewa kutoka kabatini, napata uchungu. Wenzangu wenye kisukari, hasa akina mama, nywele zikinyonyoka mpeni habari anayewatibu sukari. Msiishie saluni.

Mimi niliishia saluni kwa wiki nyingi. Msusi wangu alipitisha vidole kichwani akasema, "Mama, nywele zinakatika. Ni haya maji ya chumvi." Sisi wa Dar es Salaam tuna visima vya maji ya chumvi, lawama ikawa rahisi. Tukabadilisha mafuta, nazi ikatoka, mnyonyo ukaingia. Akanisuka twende kilioni ili zipumzike, akazivuta mpaka paji la uso likakaza. Nywele hazipumziki hivyo. Utafiti uliofanywa Cape Town na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima wana upara wa pembeni unaotokana na kuvutwa nywele.

Tatizo linaanzia kwenye neno. Kila kitu tunakiita kukatika. Lakini unywele uliokatika na ulionyonyoka ni habari mbili tofauti. Uliokatika ni kipande tu, hauna mwanzo. Ulionyonyoka umetoka mzima, na ukiuweka juu ya kitambaa cheusi utaona mwishoni mwake kitone cheupe, kidogo kuliko punje ya ufuta. Daktari alifungua fundo langu mezani bila kukunja uso, akachambua kwa kibano unywele mmoja mmoja. Karibu zote zilikuwa na kitone. Akaniuliza, "Mama, hizi hazikukatika. Miezi mitatu iliyopita ulipatwa na nini?"

Nilipatwa na hofu. Siku niliyopimwa, sukari ilikuwa milimoli 17 kwa lita asubuhi, sijatia kitu mdomoni. Niliporudi nyumbani niliacha ugali, wali, chapati na mihogo. Kisha nikaacha na maharage, kwa sababu jirani alisema nayo yana sukari. Nilibaki na mchicha na chai ya rangi. Kilo 13 ziliondoka ndani ya miezi mitatu, na kila aliyeniona alinipongeza. Hata kliniki walinipongeza. Hakuna aliyeuliza ninakula nini.

Daktari alinieleza taratibu. Kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku bila kujua, maana nyingine zinaota. Mwili ukipata mshtuko, uwe wa homa kali, upasuaji, uzazi, au kukonda ghafla, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, halafu hudondoka miezi miwili au mitatu baadaye. Wakati huo mtu ameshasahau kilichompata, anatafuta mchawi. Wifi yangu alishaanza kumtaja kwa jina.

Mimi mchawi wangu alikuwa metformini, dawa yangu ya sukari. Nilivisimamisha vidonge kimyakimya kwa wiki mbili nione kama nywele zitatulia. Hazikutulia, na sukari iliyokuwa imeshuka hadi 8 ilipanda tena hadi 15. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu najua siko peke yangu: usiache dawa ya sukari kwa ajili ya nywele. Ukiitilia shaka, sema. Kweli ipo kwamba kutumia metformini kwa miaka mingi kunaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na hilo lina kipimo chake na tiba yake. Wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo navyo vina vipimo. Vyote hivyo huweza kuhusika na nywele, na hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye kioo cha saluni.

Jambo jingine kuhusu vipimo. Vidonge vya kukuza nywele vinavyouzwa kila kona huwa na biotini nyingi, ambayo ni aina ya vitamini, na biotini huweza kuvuruga majibu ya maabara, yakiwemo ya tezi. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu hilo. Nilikuwa navimeza kila siku, na sikumwambia mtu wa maabara kwa sababu niliviona kama urembo tu.

Nilirudisha maharage, choroko, dagaa na yai. Nusu ya sahani mboga, robo chakula cha kujenga mwili, robo ugali wa dona. Mwezi wa nne baadaye vinywele laini vilichomoza kuzunguka paji la uso, vikisimama wima kama majani baada ya vuli. Mwanangu wa kike ndiye aliyeviona kwanza. "Mama, zinaota!" akapiga kelele mpaka jirani akaja.

Utosini hazikuota, na hapo ndipo ninapoumia. Pana sehemu ya ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, laini, inayong'aa, haina hata tundu la kinyweleo. Kwa zaidi ya mwaka palikuwa pakiwasha na kuuma nikisukwa, nikadhani ni mba. Kumbe chini ya ngozi palikuwa pamevimba kidogo kidogo, hali iliyoua mashina ya nywele na kuacha kovu. Ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake weusi, huanzia katikati ya kichwa na kutanuka taratibu kama duara. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2011 walikuta wanawake weusi wenye kovu la namna hii wana kisukari aina ya pili kwa wingi kuliko wenzao. Hilo halithibitishi kwamba sukari ndiyo iliyolisababisha. Kwangu linatosha kuuliza kwa nini mgonjwa wa kisukari anayejikuna utosi asiangaliwe. Kovu likishakaa, nywele hazirudi. Tiba huzuia lisiendelee tu, na anayekutibu lazima ajue una kisukari, kwa kuwa steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe huo, za vidonge au sindano hupandisha sukari.

Kliniki tunafundishwa kukagua miguu kila usiku, na ni sawa kabisa. Lakini hata huko tunasahau nywele. Ngozi ya muundi ikianza kung'aa, vinyweleo vya vidole vikapotea na mguu ukawa wa baridi, huenda damu haifiki vizuri. Na kichwani? Miaka miwili nimepimwa uzito, presha na kidole, na sikuwahi kuambiwa nifungue kilemba. Wauguzi wana foleni ndefu, nawaelewa. Kwa hiyo sisi tuvue wenyewe. Anayehitaji daktari wa ngozi aombe barua ya rufaa. Hawapatikani kila mahali, ila kuna wataalamu wengi wa kada ya kati waliofunzwa kazi hiyo kule hospitali ya KCMC, Moshi, penye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda tangu mwaka 1992.

Sijisikii vibaya kuvaa kilemba, ila sasa nakifunga kwa kulegeza na ndani natanguliza kitambaa laini. Nasuka mabutu makubwa ambayo hayavutwi, na msusi wangu amekubali kuacha utosi. Mume wangu nilimwonyesha usiku mmoja umeme ulipokatika, kwa mwanga wa simu, nikitetemeka. Alipagusa kwa kidole akauliza, "Panauma?" Nikamwambia hapaumi tena. Akasema mbona sikumwambia mapema anisindikize hospitali.

Mwezi uliopita nilifungua kilemba mbele ya muuguzi kabla hajanitoboa kidole. Aliinuka, akaangalia, akageuza daftari langu akitafuta pa kuandika. Penye uzito, presha na sukari palikuwa na mistari. Kichwa hakikuwa na pake, akaandika pembeni kwa kalamu ya bluu: "Utosi, kovu, halijaongezeka."