Msimwite Mmarekani tu

Habari yenu imemwita Papa Leo XIV "Papa Mmarekani" tangu kichwa hadi mwisho, na Peru mmeipa mstari mmoja. Kwangu mimi hapo mmemkosea. Kweli alizaliwa Chicago mwaka 1955 na akasomea hisabati kabla ya upadre. Lakini Peru alifika 1985 akiwa padre kijana wa Shirika la Mtakatifu Agostino, akafundisha waseminari Trujillo kwa miaka mingi, na 2015 alipokabidhiwa Jimbo la Chiclayo akachukua na uraia wa nchi hiyo. Mafuriko ya 2017 yalipoikumba Peru kaskazini, alivaa mabuti akaingia kwenye maji kuwafuata waumini. Wakati wa korona, oksijeni ilipoadimika, aliongoza harambee ya kununua mitambo ya kuizalisha. Huyo ndiye askofu niliyetamani wasomaji wamjue!

Na ile jioni ya 8 Mei 2025 alipochaguliwa kuwa Papa, pale kwenye roshani ya Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, aliacha Kiitaliano kidogo akawasalimu watu wa Chiclayo kwa Kihispania. Kiingereza hakukitumia kabisa.

Jambo jingine mliloliruka: alisema yeye ni mwana wa Mtakatifu Agostino, na Agostino ni Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo. Halafu kuanzia 2001 hadi 2013 alikuwa Mkuu wa Shirika lote, akizungukia nyumba zao, Tanzania ikiwemo. Mwandishi, tunaomba makala nyingine kuhusu miaka hiyo.